Viza na watumishi wa Mungu: urafiki wa makanisa umebaki wa upande mmoja

KatibuUsharika (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, na salamu kwa wanajamvi wote wa imani nyingine.

Jambo hili limenikaa moyoni tangu Krismasi. Zuio la viza za Marekani limejadiliwa sana humu kwa upande wa wanafunzi, wafanyabiashara na wasanii, lakini habari za kanisa hazisikiki. Mimi ni katibu wa kamati ya urafiki katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku Nyanda za Juu Kusini. Barua za mwaliko, nakala za pasipoti na ratiba za wageni vinapita mikononi mwangu, kwa hiyo naandika ninachokiona.

Kwanza hali yenyewe. Tarehe 16 Desemba 2025 Rais Trump alitia saini tangazo lililoiingiza Tanzania katika nchi zenye zuio la sehemu, kuanzia 1 Januari 2026. Zilizosimamishwa ni viza za kuhamia, viza za matembezi na shughuli fupi (B-1 na B-2), za masomo (F na M) na za mabadilishano (J). Ndugu zetu wa Burundi walishawekwa kundi hilo tangu Juni 2025. Sababu iliyoandikwa kwa Tanzania ni watu kupitiliza muda wa kukaa: asilimia 8.30 kwa viza za B, na 13.97 kwa F, M na J. Mwenye viza iliyokuwa hai kabla ya tarehe ile hakunyang'anywa. Wachezaji, makocha na familia zao wanaokwenda Kombe la Dunia 2026 wamewekewa kifungu cha kuwaruhusu. Mchungaji, padre, mwinjilisti au mtawa hakuwekewa kifungu chochote kwa sababu ya utumishi wake.

Wengi wamenijibu, "Si kuna R-1, viza ya watumishi wa dini? Hiyo haijasimamishwa." Ni kweli haijasimamishwa, ingawa maafisa wa ubalozi wameagizwa wapunguze muda wa uhalali wa viza nyingine zote wanazotupa. Lakini R-1 ni ya mtu anayekwenda kufanya kazi kule, akiombewa kwanza na kanisa la kule. Maisha ya urafiki wa makanisa hayaendeshwi na R-1. Yanaendeshwa na B-1. Taratibu za Marekani zenyewe zilikuwa zinamruhusu mchungaji kwenda kwa B-1 kubadilishana mimbari na mwenzake wa kule, au kuzunguka akihubiri bila kuajiriwa na kanisa la huko. Hicho ndicho tulichokuwa tunafanya, kihalali kabisa, na ndicho kilichofungwa.

Wasiofahamu uhusiano huu niwaeleze kidogo. Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya eneo la Saint Paul, Minnesota, wana urafiki wa miaka mingi unaoitwa Bega Kwa Bega, na sharika za pande zote mbili zimeunganishwa moja kwa moja. Dayosisi nyingine za KKKT zina marafiki wao. Waanglikana nao wana wao Uingereza: Mpwapwa na Rochester, Morogoro na Worcester. Haya si mashirika ya misaada. Msingi wake ni watu kutembeleana, kulala nyumba moja, kujua majina ya watoto.

Sasa tazama kilichobaki. Mmarekani akitaka kuja kwetu, analipa dola 100, anapata viza, anashuka uwanja wa ndege. Mwaka huu tunategemea wageni, na tutawapokea vilevile: akina mama watatangulia barabarani kwa vigelegele, kwaya itaimba mpaka gari lifike mlangoni mwa kanisa, wageni watagawanywa kwa wazee wa kanisa walale huko. Ila sisi hatuendi. Na kinachoniuma si matembezi. Ni kikao.

Kwa nini nasema kikao? Kuna ziara moja ambayo mama mmoja wa Umoja wa Wanawake alikuwa kwenye msafara wetu. Siku ya kikao cha kamati ya marafiki wetu ilikuwa imeshaandikwa kwamba fedha za mwaka ule ziende kwenye kisima. Yule mama akaomba kusema. Akaeleza kwamba kisima kilichopo kinatosha, kinachokosekana ni bweni, maana wasichana wa sekondari wamepanga vyumba mtaani, wanajipikia, na wengine wanakatisha masomo kwa mimba. Aliongea Kiswahili, akatafsiriwa. Wazee wa kule wakamuuliza maswali ya kweli: wasichana wangapi, kiwanja kipo, nani atakaa nao usiku. Bweni likajengwa. Barua isingefanya hivyo. Zoom isingefanya hivyo, kwa sababu kijijini kwake mtandao unakatika mtu akiwa bado anasalimia.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Urafiki unageuka njia ya upande mmoja. Wenye fedha wanakuja kutuona, wanarudi kwao, wanaamua. Sisi hatupo mezani. Makasisi wetu wamelisema hili wapi? Na wa makanisa mengine, kwenu hali ikoje?

---

MwanaParokia_Rombo

Tumsifu Yesu Kristo. Katibu, umefungua jambo zito. Nitasema kwa upande wa Wakatoliki, kwa wale walio tayari ndani ya Marekani kwa R-1.

Kaka yangu ni padre kule. Parokia anayohudumia ilikaa muda mrefu bila padre, waumini wanampenda, wanamletea chakula wakati wa baridi. R-1 inatolewa kwa miezi 30, inaongezwa mingine 30, jumla miaka mitano basi. Zamani majimbo yaliwaombea mapadre ukaazi wa kudumu, na ulikuwa unatoka kabla ya miaka mitano kwisha. Machi 2023 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikabadilisha hesabu ya foleni: watoto wahamiaji kutoka El Salvador, Guatemala na Honduras waliokuwa wamepangwa pembeni wakaunganishwa na foleni ile ile ya watumishi wa dini, iitwayo EB-4, yenye nafasi kama 10,000 tu kwa mwaka. Foleni ikawa ya miaka na miaka. Siwalaumu wale watoto hata kidogo, wengi wametelekezwa au kuteswa na wazazi. Lakini mapadre wakaanza kumaliza miaka mitano huku foleni haijasogea, na sheria iliwataka wakae nje mwaka mzima ndipo warudi. Jimbo la Paterson, New Jersey, liliipeleka serikali mahakamani Agosti 2024 kwa jambo hilo hilo.

Januari 2026 serikali yao imeondoa ule mwaka mmoja wa kukaa nje. Padre akimaliza miaka mitano bado lazima atoke, ila anaweza kuomba kurudi mara moja. Maaskofu wa kule wameshukuru, na mimi nashukuru. Lakini kwa Mtanzania, kutoka ni kwenda kupanga foleni ubalozini upya, wakati ambao nchi yako iko kwenye orodha na viza ya kuhamia imesimamishwa. Na walio ndani wakisubiri ukaazi, maombi ya raia wa nchi zilizo kwenye orodha yamewekwa kando tangu mwanzoni mwa Januari. Kwa hiyo kaka hatoki.

Mama yetu amefariki. Wanaojua Rombo wanajua maana ya mazishi, na wanajua maana ya mama aliyemtoa mwanawe awe padre. Watu walitegemea yeye ndiye aadhimishe misa ya mazishi. Alimpigia wakili, wakili akamwambia: ukitoka, sikuhakikishii kurudi, na parokia yako itabaki tena bila padre. Akabaki. Binamu alishika simu juu ya kaburi pale mgombani, mkono ukimtetemeka kwa uchovu. Kaka alisali sala ya kubariki kaburi akiwa sakristia kwake, na sauti ikawa inafika nusu. Paroko wetu alirudia maneno kwa sauti ili watu wasikie. Baada ya pale wazee wa ukoo walikaa kimya, kisha mmoja akaniuliza kama kaka amefungwa. Nilikosa la kumjibu.

---

NyundoYaHaki

Poleni sana mkuu. Lakini tuseme ukweli wote. Kila nchi ina haki ya kuamua nani aingie. Na makanisa yetu hayana mikono misafi. Humu ndani nani hajasikia kwaya iliyokwenda ng'ambo watu ishirini ikarudi watu kumi na wanne? Nani hajasikia "mwinjilisti" aliyenunua barua ya mwaliko? Ile asilimia 8.30 haikutoka hewani. Waliopitiliza wametuharibia sote, na wengine walipitia mlango wa kanisa.

---

KatibuUsharika

NyundoYaHaki, sikatai. Haki ya nchi kulinda mipaka yake naikubali, na sisi wenyewe tunaitumia. Mmisionari anayekuja kufanya kazi Tanzania anaomba kibali cha ukaazi daraja C, na asipokuwa nacho Uhamiaji hawamwachii.

Na barua za mwaliko zinazouzwa zipo. Kwa moyo wote nasema anayeuza barua ya kanisa anauza jina la Kristo, na anawafungia mlango watu ambao hawajazaliwa. Dayosisi ikimjua mtu wa namna hiyo imtoe kwenye utumishi, isimhamishie usharika mwingine.

Ila fikiria hesabu yenyewe. Ile 8.30 ina maana kwamba kati ya watu mia waliotakiwa kuondoka, tisini na kidogo waliondoka kwa wakati. Watu wanaokwenda kwa jina la dayosisi, wanaopokelewa na usharika unaojulikana, wanaolala nyumba zenye anwani, ni rahisi sana kuwafuatilia. Tangu Oktoba 2025 Tanzania ilikuwa imeshawekwa pia kwenye orodha ya dhamana: mwombaji wa viza ya B aweke dola 5,000, 10,000 au 15,000, arudishiwe akirudi. Ni kubwa mno kwa mwinjilisti wa kijijini, lakini dhamana angalau inampa mtu mwaminifu nafasi ya kuonyesha uaminifu wake. Kufunga kabisa hakumtenganishi mwaminifu na tapeli.

---

MtawaSafari

Amani ya Bwana. Mimi ni mtawa, nashughulikia nyaraka za safari za shirika letu. Naomba niongeze jambo ambalo walei wengi hawalifahamu, na lilikuwepo kabla ya haya mazuio.

Sheria ya Marekani inamwambia afisa amhesabu kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa anataka kuhamia, mpaka mwombaji mwenyewe athibitishe kwamba atarudi. Ulaya nao wanapima karibu vilevile. Sasa mtu anathibitishaje kwamba atarudi? Kwa kuonyesha mume, watoto, nyumba, shamba, mshahara, akaunti yenye fedha.

Mwiteni sista wangu dirishani. Umeolewa? Hapana. Una watoto? Hapana. Una nyumba? Hapana, naishi konventi. Gari? La shirika. Mshahara wako shilingi ngapi? Sina mshahara wangu, ninachopata kinaingia kwa jumuiya. Akaunti ya benki? Sina. Dakika tatu, ameshika karatasi ya kukataliwa. Kila jibu alilotoa ni la kweli na ni la nadhiri zake. Ufukara aliouahidi mbele ya altare ndio unaomhukumu pale dirishani.

Afisa hana chuki naye, anafuata fomu. Lakini fomu ile haikumfikiria mtu aliyejifunga na shirika kwa maisha yake yote, na kwamba mtu huyo ana sababu kubwa kuliko shamba ya kurudi.

Tumejifunza kujipanga. Kila sista anayesafiri anabeba hati ya nadhiri zake za daima, barua ya mama mkuu yenye kusema ni kazi gani inamsubiri na nani ameshika nafasi yake kwa sasa, taarifa ya benki ya shirika, na katiba ya shirika ukurasa unaosema shirika linamtunza mwanachama mpaka kifo. Tunamfundisha asijibu "sina" peke yake. Aseme, "Sina akaunti binafsi kwa sababu ya nadhiri, shirika linagharamia, hii hapa taarifa." Imesaidia kwa Ulaya. Katika mwaka wa Jubilei 2025 walikwenda Roma kwa njia hiyo, ingawa si wote. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Kwa shirika linalofuga kuku ili lilishe wanovisi, euro 90 ni magunia ya chakula cha kuku.

Na masista walio Marekani wana ugumu wao wa ziada. Nafasi za ukaazi kwa watumishi wa dini wasio mapadre wala wachungaji ziko chini ya programu ya muda, ambayo Bunge la kule hulazimika kuihuisha kila mara. Ikiisha muda kabla Bunge halijakaa, wao wanasimama, mapadre wanaendelea. Sista anayefundisha watoto au anayelea wazee anaweza kuamka siku moja akute njia yake haipo kwenye sheria.

---

Mlei_tu

Sista, sikuwahi kulifikiria hili. Asante.

---

NyarugusuToIowa

Habari za leo ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, nilikaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, sasa niko Iowa. Nataka mujue na upande wa huku.

Makanisa yetu yalizaliwa kambini. Tulijenga kwa matofali ya udongo na plastiki, kwaya zikawa nyingi, wachungaji waliwekwa wakfu mulemule. Kisha Marekani ikaanza kutupokea, jamaa moja Iowa, ingine Kentucky, ingine Texas. Tukakusanyana tena, tunakodi kanisa la Wazungu kila Jumapili mchana, tunaabudu kwa Kiswahili. Lakini mupango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025. Watu walikuwa wamefanya vipimo vya afya, wameuza vyombo vyao, wanangoja ndege. Mzee wa kanisa letu mke wake yuko huku, yeye yuko kambini.

Kuna watu wananiambia, nyinyi Wakongomani mumepona, hamuko kwenye orodha. Iliyowekwa mwezi wa Juni 2025 ni Kongo-Brazzaville, ni kweli, si yetu. Lakini vijana wetu wengi walizaliwa Tanzania au walipita Burundi, na makaratasi yao yana mambo mengi. Na waimbaji na wahubiri tuliozoea kuwaita kwa mikutano ya Pasaka wanatoka Bujumbura, Kigoma na Dar. Hao wamefungiwa.

Watoto wetu wanaongea Kiingereza, Kiswahili kinawatoka. Muhubiri akitoka nyumbani, anakaa nao wiki mbili, anafundisha vijana nyimbo, anasuluhisha nyumba zenye ugomvi kwa heshima ambayo mimi sina, kwa sababu mimi wananiona kila siku pale kiwandani kwenye zamu ya usiku. Kazi hiyo nani ataifanya? Katibu amesema nyinyi hamuendi kwenye kikao. Sisi kwetu ni wazee hawafiki.

---

PadreMwanafunzi

Niwape mfano wa Uingereza, maana tusidhani jambo hili limeanza na Marekani. Nasoma Roma. Kwa miaka mingi mapadre wa Afrika wanaosoma huku walikuwa wanakwenda Uingereza miezi ya kiangazi, kumshikia paroko nafasi apate likizo. Waumini walipata misa kila siku, padre alipata posho ya kumsaidia ada na alizoea Kiingereza cha kichungaji. Walitumia viza ya muda ya watumishi wa dini.

Mwanzoni mwa 2019 kanuni zikabadilika: viza ile hairuhusu tena kuongoza ibada kama kazi yako kuu. Ukitaka kuongoza ibada unaomba viza ya mhudumu wa dini, yenye gharama zaidi ya mara mbili na mtihani wa Kiingereza. Waliotunga walisema viongozi wa dini wajue lugha ya watu wanaowahudumia, na kwa anayekwenda kukaa miaka naliona lina maana. Kwa padre anayekwenda wiki sita, tena aliyesoma teolojia yote kwa Kiingereza katika seminari zetu kuu za Kipalapala au Segerea, ilikuwa ni kufunga mlango. Maaskofu wa Uingereza na Wales walilalamika kwa miaka. Walioumia kwanza ni bibi na babu wa parokia za vijijini ambao paroko wao ana miaka sabini na tano na hajapumzika.

Viza ya mgeni bado inamruhusu mhubiri kwenda kwa muda mfupi akahubiri au akafanya huduma ya kichungaji, mradi kituo chake cha kazi kibaki nje na asishike nafasi ya mtu kule. Wenye urafiki na dayosisi za Uingereza waitumie vizuri, waandike wazi kwenye barua kwamba ni ziara na si kuziba pengo.

---

Kigango12

Mimi nina maoni tofauti na nitayasema kwa upole. Parokia yetu ina vigango kumi na viwili na padre mmoja mwenye pikipiki. Kuna kigango kinapata misa mara moja kwa miezi miwili. Wagonjwa wanakufa bila mpako. Halafu nasoma humu kwamba Marekani wanaumia kukosa mapadre wetu. Labda Mungu anatwambia mapadre wabaki nyumbani?

---

MwanaParokia_Rombo

Kigango12, hoja yako inastahili jibu. Ukipiga hesabu ya waumini kwa padre mmoja, sisi tuna uhaba mkubwa kuliko wao, ni kweli kabisa. Na wapo wanaotamani kwenda kwa sababu ya maslahi; hilo maaskofu walitazame bila kuoneana haya.

Lakini Kanisa halikufika kwetu kwa hesabu hiyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofungua Bagamoyo mwaka 1868 na Wabenediktini waliofika Peramiho 1898 waliacha vijiji kwao vyenye mahitaji pia. Papa Leo XIV mwenyewe ni Mmarekani aliyetumwa Peru, akafanywa askofu kule, akachukua uraia wa Peru mwaka 2015. Alipokuwa mkuu wa Shirika la Mtakatifu Augustino alifika hata Tanzania kuwatembelea ndugu zake. Mtu wa namna hiyo angezaliwa Rombo leo, angeishia dirishani.

Kama mapadre wabaki, basi iamue sinodi, aamue askofu na mapadre wake, kwa kusali na kuangalia vigango vyako kumi na viwili. Isiamuliwe na orodha ya nchi iliyoandikwa kwa sababu nyingine kabisa.

---

Kigango12

Hapo kwa nani anaamua, nakubali. Lakini msivisahau vigango.

---

KatibuUsharika

Hatutavisahau.

Niongeze upande wa masomo, maana viza za F na J zimefungwa pia na athari yake tutaiona baadaye sana. Askofu Josiah Kibira alisoma Ujerumani na Marekani, na mwaka 1977, Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani ulipofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati zetu, alisoma Roma. Hawakwenda kule kupata vyeti tu. Walijulikana. Walikula na watu ambao miaka ishirini baadaye walikuwa wakuu wa makanisa, na Afrika ilipohitaji kusema neno walikuwa wanaitana kwa majina. Makumira, chuo chetu cha Kilutheri, inafundisha vizuri na najivunia. Lakini kizazi cha wachungaji kitakachosoma bila kukutana na wenzao wa nje kitakuwa na marafiki wa barua pepe.

Nasema haya nikijua mlango bado haujafungwa Ujerumani, Sweden, Norway, Denmark na Finland, na tuna marafiki wa zamani huko. Tusiuache uhusiano huo ulegee kwa sababu macho yote yako Washington.

---

MchungajiMgeni

Mtumishi, naomba msaada. Kuna usharika wa Kiswahili kule unataka kuniita kwa R-1. Nianzie wapi?

---

MtawaSafari

Mchungaji, nakujibu kwa nilivyoona kwetu. Anayeanza ni kanisa la kule, si wewe. Linawasilisha fomu I-129 uhamiaji, likithibitisha kwamba ni taasisi ya dini isiyo ya faida inayotambuliwa na mamlaka ya kodi, kwamba kazi ipo, angalau saa ishirini kwa wiki, na kwamba wataweza kukulipa au kukutunza. Uhamiaji wanaweza kufika kukagua jengo na kuuliza waumini. Wewe unatakiwa uthibitishe kuwa umekuwa mwanachama wa dhehebu hilo hilo angalau miaka miwili mfululizo kabla ya maombi. Hapo wengi wanakwama, kwa sababu usharika unaokuita ukiwa wa kujitegemea na wewe ni wa KKKT, dhehebu si moja. Ulizia hilo kwanza kabla hujatoa hata shilingi. Kibali kikipita ndipo unakwenda ubalozini. Na mtu yeyote akikuomba fedha "akuuzie nafasi ya R-1", kimbia.

---

MchungajiMgeni

Ubarikiwe Sista. Usharika ule ni wa kujitegemea. Nitawaandikia leo.

---

KatibuUsharika

Nimesoma michango yote na nimewasomea wenzangu wa kamati. Kikao chetu ni mwezi ujao, na pendekezo nitakalopeleka ni hili: kwa muda wote zuio litakapokuwepo, kikao cha kupanga fedha za urafiki kisifanyike Minnesota wala kwenye sebule ya mtu yeyote Marekani. Kifanyike hapa. Wao wanaweza kuja, sisi hatuwezi kwenda, kwa hiyo meza ihamie upande ambao wote wanaweza kukaa. Wageni wa mwaka huu waje na mamlaka ya kuamua, waje na kumbukumbu zao za vikao na bajeti, na siku mbili za ratiba zitolewe kwenye matembezi ya kuona miradi ziwe za kikao, na Kiswahili kiwe lugha ya kwanza, wao watafsiriwe. Barua nimeshaiandika, inasubiri saini ya mchungaji kiongozi na ya mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake. Yule mama wa bweni atakuwa mjumbe.

---

Mlei_tu

Katibu, sisi tuna marafiki Wisconsin na tuna tatizo hilo hilo. Naomba nakala ya barua.

---

KatibuUsharika

Nakutumia inboksi jioni hii. Badilisheni majina tu.